Wifi Futi na Ekseli Mbili Nyeusi

Wifi Futi alifika kwenye uwanja wangu wa vyuma saa moja na nusu asubuhi, kabla sijamaliza kufungua kufuli la pili la geti. Alivaa ovaroli la bluu, futi ya chuma ikining'inia kiunoni na chaki nyeupe nyuma ya sikio. Hakunisalimia.

"Wifi, leo nimekuja kununua," alisema. "Kwa hiyo uweke mbali huo uso wako wa kuuzia."

"Uso huu ndio uliomlisha kaka yako miaka kumi na minne. Ingia."

Huyu ni dada wa mume wangu. Jina la Futi alilipata akiwa darasa la tano. Majirani walinunua kitanda kikubwa, yeye akaupima mlango wao, akawaambia hakitapita. Walimcheka sana. Kitanda kililala nje siku mbili, kikanyeshewa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Ameendesha lori la maji miaka tisa. Ufundi hakusomea popote. Lori lilikuwa likimharibikia mahali ambapo hapiti mtu, naye akawa analala chini yake na spana mpaka linakubali. Kampuni ya maji ilipouza malori yake, alipata kazi ya kuendesha basi la shule. Alikaa nalo mwaka mmoja. Alikuwa akisema basi lile lina honi kubwa kuliko kazi yake.

Kilichomleta kwangu asubuhi ile kilikuwa hiki. Wachimbaji wa visima walikuwa wamepata kazi ya kuchimba visima tisa juu kwenye miinuko, mahali ambapo lori haliwezi kufika. Vifaa vyao vilikuwa vikivutwa na trekta, na trekta lilichukua siku mbili kwa safari moja na kumwaga mabomba njiani. Msimamizi wao akatangaza: gari litakalopandisha kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, na mabomba hadi kileleni kwa asubuhi moja, bila kuvutwa na mtu, litapewa kazi ya kiangazi chote. Jaribio ni Alhamisi ya wiki ya tatu. Futi alisikia hayo mchana, na jioni hiyohiyo akapeleka barua ya kuacha kazi shuleni. Kesho yake shule ikapata dereva mwingine. Kwa hiyo akikwama mlimani, hana mlima wala basi.

Gari alikuwa nalo. Pikapu kuukuu ya kuvuta mbele na nyuma, fremu nzima, injini inayoitika vizuri. Shida ilikuwa miguu. Ekseli zake, vile vyuma vya chini vinavyobeba magurudumu, zilikuwa nyembamba kama miguu ya korongo, na kompresa peke yake ina tani moja na nusu.

"Nataka ekseli za kazi," aliniambia. "Ya mbele na ya nyuma. Usinionyeshe takataka."

Nilimpeleka moja kwa moja kwenye ekseli ya lori kubwa, kwa sababu ilikuwa imekaa kwangu miaka miwili na nilikuwa nimechoka kuizunguka. Ni dude la chuma. Difu yake, lile bakuli la katikati lenye meno ya kugeuza nguvu ya injini iende kwenye magurudumu, ni kubwa kama sufuria la kupikia watu mia. Kila mteja akiingia huipigapiga kwa kiganja na kusema, hii haivunjiki. Halafu ananunua nyingine.

Futi hakuipigapiga. Alikusanya matofali, akayapanga pande mbili kwa kimo cha tairi zake, tukainyanyua ekseli juu yake kwa jeki. Kisha akalala kifudifudi kwenye vumbi langu na kupima nafasi iliyobaki kati ya tumbo la difu na ardhi.

"Wifi, hii italima," alisema akiwa bado chini. "Mimi natafuta gari, si jembe."

"Lakini ni nzito. Haivunjiki."

"Haitavunjika, ndiyo. Itakalia jiwe la kwanza na kusubiri trekta."

Nikamwonyesha ya pikapu kubwa kidogo. Akaikataa bila hata kuinama. Alinieleza kwamba katika ekseli za namna ile uzito wa gari unakaa juu ya shafti yenyewe, kile chuma kirefu cha ndani kinachozungusha tairi. Shafti ikikatika, tairi linaondoka nayo na gari linalala ubavu. Tukaenda kwenye kona ya nyuma, kwenye ekseli ya lori dogo la tani nne, nyeusi, imesafishwa. Hapo akanyamaza. Mimi nimeuza vitu miaka mingi, nakijua kile kimya. Mteja akianza kusema hovyo juu ya bidhaa, hanunui. Akinyamaza, tayarisha mkono.

"Nipe spana namba kumi na saba."

Alifungua bolti nane katikati ya habu, kile kitovu kinachofungwa gurudumu, akagonga mara mbili kwa nyundo ya shaba, akaivuta shafti nje. Ilitoka ndefu, ikimetameta kwa grisi, na habu ikabaki palepale ilipokuwa, imara.

"Umeona?" Sauti yake ilipanda. "Shafti imetoka, habu haina habari. Uzito wote umebebwa na nyumba ya ekseli. Hii kazi yake ni kuzungusha tu. Hata ikikatika kule juu, gari linabaki limesimama kwa miguu yake, unachomoa vipande, unaendelea na ya mbele." Alianza kuhesabu meno ya ncha ya shafti kwa ukucha. "Thelathini na tatu. Ya kwangu ina ishirini na moja. Wifi, thelathini na tatu."

Alikuwa anatabasamu mpaka magego. Mimi nauza shafti kila siku ya Mungu na sijawahi kuona mtu akiitazama moja namna ile. Bei ikapanda kichwani mwangu papo hapo, bila hata kuiambia.

Ekseli mwenzake, ya mbele, ilikuwa kando yake, nyeusi vilevile. Hapa ndipo nilipoharibu mambo, nami nitaeleza vizuri nilivyoyaharibu.

Gari linalovuta mbele na nyuma linataka difu zake mbili ziwe na hesabu moja. Propela, lile bomba linaloleta nguvu ya injini kwenye difu, ikizunguka mara kadhaa, magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke sawasawa. Futi hupima hivi: upande mmoja wa ekseli unashikwa usizunguke, upande wa pili unapigwa alama ya chaki, halafu anazungusha flanji, kile kisahani cha kufungia propela, kwa mkono na kuhesabu mpaka ile alama ipite mara mbili. Tuliipima ya nyuma. Mimi nilikanyaga upande mmoja, yeye akazungusha. Mara nne na kidogo. Ya mbele ilikataa kuzunguka. Breki zake zote mbili zilikuwa zimeshikwa na kutu.

"Basi nifungue kifuniko cha difu nihesabu meno," alisema.

"Kwenye uwanja wangu kifuniko hakifunguliwi kabla ya kununua."

"Hata mimi?"

"Hata mama mkwe. Mnafungua, oili inamwagika, takataka zinaingia, halafu mnasema mtarudi kesho. Nina difu nne wazi hapa ambazo wenyewe bado wanarudi kesho."

"Nitajuaje hesabu yake, sasa?"

"Zimetoka gari moja," nikasema.

Nilisema bila kupepesa. Nilikuwa nimezinunua pamoja, kwenye shehena moja, zikaoshwa siku moja na kupakwa rangi siku moja, na mimi rangi yangu huwa nyeusi kwa kila kitu. Vyuma ishirini vya kila kabila vikishapita kwenye brashi yangu, vinafanana kama mayai. Nilikuwa nimeviona vikiwa viwili kwa muda mrefu hata nikaamini vimezaliwa pamoja.

"Halafu uamue mapema," nikaongeza. "Kuna mteja amezipigia simu jana."

"Ni yule yule wa mwaka jana? Bado hajafika? Maskini, labda anakuja kwa miguu."

Tulivutana mpaka jua likafika utosini. Alitaka ngoma za breki ziingie kwenye bei, nikakataa. Akaelekea getini, nikamwacha afike getini. Akageuka mwenyewe, nikampa ngoma za breki na springi za nyuma. Kila mmoja wetu aliondoka akiamini amemkamua mwenzake. Hiyo ndiyo biashara ninayoipenda.

Kununua alishanunua, angeweza kuifungua ile difu siku hiyohiyo. Hakuifungua. Alisafisha breki, akabadilisha sili na beringi, lakini kuhusu hesabu, neno la wifi yake lilimtosha. Hapo alikosea. Hata mimi nisingeliamini neno langu.

Gari lilijengwa kwenye karakana ya mume wangu, ng'ambo ya barabara. Yeye ni mchomeleaji, mtu wa maneno machache, na kwa wiki mbili na nusu nilikuwa nikisikia ugomvi wao hadi dukani.

"Dada, umeshapima hapo mara tatu."

"Na wewe umekata mara moja. Ndiyo maana napima mimi."

Nilikuwa nikivuka barabara kila jioni kwa kisingizio cha kumpelekea chai, kumbe naenda kuangalia. Lilikuwa linanyanyuka. Kila siku limesimama juu zaidi, pana zaidi, ekseli nyeusi zikionekana chini yake kama mabega. Wapita njia walianza kusimama. Mafundi wa mtaa wa pili walikuja na kuinama, wakiulizana ametoa wapi. Nikawa nasema kwa sauti, "Kwangu."

Jumatano, siku moja kabla ya jaribio, saa sita mchana, walilitoa. Siku zote walikuwa wamelijaribu nyuma ya karakana, kwenye udongo laini, likaenda kama maji. Sasa Futi alilipandisha kwenye lami, akatia gia ya kuvuta magurudumu yote, akaondoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono kiunoni, nikisubiri kusifiwa.

Baada ya hatua kama thelathini injini ilianza kunung'unika. Halafu tairi zikalia. Gari likawa linarukaruka kama linakanyaga moto, likasimama. Futi alivuta mpini wa gia utoke, haukutoka. Akaupiga kwa kiganja. Haukutoka. Ilibidi arudi nyuma taratibu hatua kadhaa ndipo mpini ukaachia kwa kishindo.

Alilirudisha karakana kwa magurudumu ya nyuma tu, akainua tairi moja kwa jeki, akatoa chaki. Nyuma: mara nne na kidogo. Akahamia mbele, maana sasa breki zilikuwa safi na kila kitu kinazunguka. Mara nne na nusu. Alihesabu tena. Nne na nusu.

Alivuka barabara akaja kusimama mbele ya meza yangu. Mume wangu alikuwa nyuma yake, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso.

"Wifi, ulisema zimetoka gari moja."

"Nilisema."

"Zimetoka magari mawili. Mbele inataka mwendo wake, nyuma inataka mwendo wake. Kwenye udongo tairi zilikuwa zinateleza, hatukujua. Kesho kwenye mwamba, na tani mbili mgongoni, hazitateleza. Kitu kitakatika."

Alisema kwa sauti ya chini, na hilo lilinitisha kuliko angenitukana. Ilikuwa saa saba kasoro. Jaribio lilikuwa saa mbili asubuhi.

Ningeweza kumwambia mali ikishatoka getini haibadilishwi. Sitaficha, wazo hilo lilipita. Lakini nilifanya hesabu haraka. Gari lile lilikuwa limeangaliwa na kila fundi wa mtaa, na mimi mwenyewe ndiye niliyetangaza vyuma vimetoka kwangu. Likikwama kesho, keshokutwa nitakuwa nawauzia wageni tu. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili siiandiki, mume wangu atasoma.

Nikauliza, "Difu ya tani nne inatoka nzima? Ile ya nyuma, unachomoa kichwa chake chote na kuweka kingine?"

"Inatoka. Nati kumi. Lakini kingine kiko wapi?"

Nikageuza shingo. Uani kwangu lilikuwa limeegeshwa lori langu la kubebea vyuma. Tani nne. Ndugu wa ile ekseli ya nyuma.

Futi alishaondoka. Mume wangu alimkimbilia na jeki. Futi aliingia chini ya lori, tukaona miguu yake tu, tukasikia anahesabu kwa sauti ya chini. Akaomba tairi lirudishwe mwanzo, akahesabu mara ya pili. Halafu tukasikia anacheka peke yake kule chini.

"Nne na nusu," alisema. "Wifi, miaka yote hii umekuwa unatembelea difu yangu."

Na bora zaidi, hesabu hiyo ndiyo ya mlima. Gari linakwenda polepole, linavuta sana. Ile nne na kidogo ni ya barabarani. Nilitaka kucheka naye, lakini biashara ni biashara.

"Sitoi bure," nikasema.

"Sijawahi hata kuota unatoa bure."

"Ile ya kwako inaingia kwenye lori langu, kaka yako anaifunga kabla ya Jumamosi. Halafu kesho nakaa kiti cha mbele. Wachimbaji wanatumia minyororo, kapi, bolti. Nataka niongee na msimamizi wao akiwa na furaha."

Futi alitoka chini ya lori, akanitazama kuanzia juu hadi chini kama anayepima. "Uzito wako haukuwa kwenye hesabu, wifi."

"Punguza bomba."

Tukajifunga kibwebwe. Oili ikamwagwa, yake karakana na yangu kwenye uwanja ambao nilishapiga marufuku mteja kumwaga oili. Shafti zikachomolewa, nati kumi zikafunguliwa, kichwa cha difu kikatoka kizito kama mbuzi aliyeshiba. Tulikivusha barabara kwenye mkokoteni, magari yakitupigia honi. Nilishika bolti mdomoni, nilishika taa, nilishika nilichoambiwa nishike. Futi alisafisha uso wa chuma kwa kisu, akapaka gundi ya kuzuia oili kwa kidole, taratibu, kama anapaka siagi kwenye mkate wa mgonjwa. Saa kumi na moja jioni aliliweka gari kwenye lami, akatia gia. Mpini uliingia. Akazunguka duara zima, kisha jingine. Kimya. Akautoa mpini kwa vidole viwili.

Mume wangu, mtu wa maneno machache, alisema, "Haya."

Asubuhi ya Alhamisi tulilikuta trekta limeegeshwa chini ya mlima, dereva wake amekaa juu anatafuna kijiti. "Dada," alimwambia Futi, "mnyororo wangu una mita kumi. Ukikwama niite tu."

"Upake oili usishike kutu," Futi akamjibu.

Msimamizi alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kofia na kalamu, hana maneno mengi. Alisimamia kompresa ikifungwa na mabomba yakipangwa, akaingia ndani akabanana nami mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote ya biashara. Tulipoanza kupanda nikayasahau.

Kona ya kwanza ilikuwa vumbi tu. Ya pili ilikuwa mwamba uliokatika kama ngazi za mtu asiyejua kujenga. Futi alisimama, akashuka, akaipanda kwa miguu hadi juu, akarudi huku akitazama kila ngazi. Akaingia, akatia gia ndogo. Tukaenda mwendo wa mtu anayetembea na mtoto. Gari lilipanda mguu mmoja mmoja. Nilisikia kompresa ikivuta kamba nyuma yetu, na nilikuwa nimeshika mkono wa msimamizi bila kujua.

Ngazi ya nne, tairi la nyuma kushoto lilitumbukia. Chini yetu kikagonga kitu, chuma kwa jiwe, mlio ulionipitia kwenye meno. Gari likasimama limeinama upande wangu.

Msimamizi alisema, "Mama, umevunja?"

Futi hakuzima injini. Aliinamisha kichwa, akasikiliza kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. "Ni jiwe limebusu nyumba ya ekseli," alisema. "Kama ningeweka lile sufuria aliloninadia huyu hapa, tungekuwa tumelikalia."

Akatia mafuta kidogo tu. Nikahisi, na hiki sikuwahi kukihisi kwenye gari lolote: mbele ikivuta, nyuma ikisukuma, zote kwa pamoja, kwa nguvu ileile. Tairi lilipanda kutoka shimoni polepole, likashika, likatoka. Futi alianza kucheka. Msimamizi naye akacheka. Mimi nilikuwa nasema "nenda, nenda, nenda," na sijui nilianza kusema lini.

Tulifika kileleni saa tatu na nusu. Pale palikuwa tambarare, nyasi zikilala kwa upepo. Msimamizi alishuka, akajaribu kamba moja moja, akahesabu mabomba, halafu akapiga magoti na kuchungulia chini ya gari. Ekseli zote mbili kavu, hakuna tone la oili. Futi alikuwa amesimama kando, mikono nyuma.

"Kompresa ishushwe pale," msimamizi aliwaambia watu wake waliopanda kwa miguu. "Na mmoja ateremke amwambie mwenye trekta aende nyumbani."

Akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni, akakata kwa kalamu neno Trekta lililoandikwa juu, akaandika Pikapu, akampa Futi. Ilikuwa orodha ya visima tisa, mahali pa kila kimoja, na tarehe zake mpaka mwisho wa kiangazi. "Jumatatu tunaanza na namba mbili," alisema. "Njia yake ni mbaya kuliko hii."

"Vizuri," Futi akasema.

Nilimuuzia msimamizi minyororo miwili na kapi moja kabla hajarudisha kalamu mfukoni. Nilipogeuka, Futi alikuwa bado amesimama palepale na ile karatasi, alama za vidole vyake vyenye grisi zimeshajaa pembeni, midomo ikitembea.

"Wifi, twende," nikamwambia. "Duka langu limefungwa."

"Ngoja," alisema. "Niisome tena."